Kasha la Kushuka

Mjomba Shaame alikuwa mpaka grisi melini,
hadithi zake zote zilinuka mafuta.
Aliwahi kuona, alisema, mji mmoja wa baridi,
mlima umesimama wima kama ukuta,
na behewa mbili zimefungwa kamba moja:
hili likishuka, lile hupanda.
Na huko juu, ziwa.
Watu hulizunguka kwa miguu
bila ya kuchota hata kata moja.
"Wanalizunguka kwa nini?" akauliza Bi Tufaha.
Mjomba akakosa jibu. Ndipo alipoanza kujenga.

Kilima chetu cha Mgagadu si mlima,
lakini muulize aliyeshuka na gunia kichwani
siku ya mvua, udongo mwekundu umekuwa sabuni.
Akalaza reli kando ya njia ya miguu:
vyuma vya lori bovu, magogo ya mikarafuu iliyokufa.
Rimu ikawa gurudumu la juu.
Kamba aliikopa Mkoani,
na deni lile, nadhani, bado linadaiwa.
Makasha mawili. Injini hakuna.
"Injini ni uzito," alisema. "Kizito kishuke, chepesi kipande."

Siku ya kwanza zilishuka gunia tatu
akapanda Bi Tufaha na kuku wake.
Alitoa shahada chini, akaitoa tena katikati,
alipofika juu akamtukana Mjomba kwa furaha.
Sheha akaandika barua ya kukataza.
Akaipeleka mwenyewe, juu, kwa kasha.

Mimi nilipanda msimu wa mavuno makubwa,
nina miaka tisa, chano cha mihogo mapajani,
birika la chai ya wachumaji mkononi.
Kamba ikalia. Tumbo likabaki chini kidogo, kisha likanifuata.
Minazi ikanionesha utosi wake,
halafu bati la skuli,
halafu ulimi mwembamba wa bahari
ambao sikujua kuwa tunao.

Katikati, pale makasha yanapopishana,
nilitazamia gunia. Kumbe mama,
mzito wa miezi tisa kasoro siku,
ameshika ukingo, ameuma meno.
Pumzi moja tukawa sawasawa, uso kwa uso.
Akanyoosha mkono, akanirudisha ushungi kichwani.
"Usimwage chai," akasema.
Akaenda chini. Nikaenda juu.

Wachumaji walikuwa mitini, sauti tu.
Nikakiacha chano kivulini, nikaenda ziwani.
Hatuliiti bwawa, na jina jengine halina.
Nikalizunguka, kama watu wa mji wa baridi,
sikuchota kitu.
Matope hadi vifundoni. Myungiyungi imefumba.
Mdiria mmoja akawa ananitangulia,
akisubiri, akiruka, akisubiri,
kama mtu aliyetumwa kunionesha nyumba.
Upande wa pili, kwenye mawe,
nikakiona kilima chote ndani ya maji kimepinduliwa,
na reli za Mjomba zikiteremka kwenda mbinguni.
Nilikuwa nahesabu hatua. Mia sita na kitu,
hapo ruba akaninasa kisiginoni, hesabu ikapotea.
Sikumuwaza mama. Nasema kweli.
Niliwaza swali la Bi Tufaha;
miguu ilikuwa na jibu,
mdomo mpaka leo haujaambiwa.

Nilirudi kwa miguu, kasha lilikuwa zamu ya karafuu.
Mlangoni Mize mkunga alikuwa anaosha mikono.
Mvulana. Mjomba akampima
kwa mizani ile ile ya karafuu: ratili saba na nusu,
akaziandika kwa chaki ubavuni mwa kasha,
chini ya hesabu za magunia.

Mwaka wa pili kamba ilikatika. Hakuumia mtu.
Reli moja sasa ni uzio wa mbuzi,
ya pili sijui.
Ziwa lipo. Nikienda likizo nalizunguka,
na kisigino kinakumbuka.

Mdogo wangu Hamdani yuko bandarini Mkoani,
mpana kama mlango.
Kila akitaka kukopa hunipigia simu:
"Dada, umesahau nani aliyekuvuta juu?"

Natoa.